Maneno ya Kumuaga Mwalimu Kidevu, na Ombi Moja kwa Mama Mkwe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa klabu yetu ya kuruka, Ndugu Msimamizi wa uwanja, Ndugu Rubani ambaye leo kwa mara ya kwanza tunakuona umevaa viatu vya kufunga kamba, mwalimu wetu mpendwa tunayekuaga, ndugu wageni waalikwa, wanafunzi wenzangu wa mabawa, mume wangu, na wewe mama mkwe wangu uliyekaa mstari wa mbele na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri jibu aondoke: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeambiwa niseme machache kwa niaba ya wanafunzi. Msidhani nimechaguliwa kwa ufasaha. Wenzangu walikaa wakajiuliza nani kati yetu amekaripiwa na mwalimu kuliko wote, na wote wakageuka wakaniangalia mimi.

Kabla sijamsifu mwalimu, niseme wazi lililo mbele yetu, maana wapo wageni wasiolijua, na yupo mgeni mmoja anayelijua sana. Kesho asubuhi mwalimu ataruka mara yake ya mwisho akiwa mwalimu wetu. Yeye atatangulia, na sisi wanafunzi wake wanne tutakuwa ubavuni mwake, wawili kulia na wawili kushoto, kama ndege wanaohama. Nafasi iliyo karibu kabisa na mkono wake wa kushoto amenipa mimi. Lakini mama mkwe wangu, anayenishikia mwanangu kila ninapokuja hapa, hajasema ndiyo. Amesema, "Nitakuja kwenye hiyo sherehe yenu, nikusikilize unavyoongea mbele za watu, ndipo nitajua." Kwa hiyo, waheshimiwa, nyinyi mmekuja kumuaga mtu, mimi nimekuja kwenye usaili. Mkiniona natokwa jasho, msilisingizie banda hili la ndege.

Tuanze na mwalimu. Jina lake halisi liko kwenye cheti pale ukutani, lakini hapa anaitwa Kidevu, kwa sababu hilo ndilo neno analolisema kuliko yote. Kidevu chini. Ukinyanyua kidevu hewani, kichwa kinarudi nyuma, kifua kinafunguka, magoti yanajikunja, na lile vazi la mabawa nililolishona kwa jasho langu linakuwa kama shuka iliyosahauliwa kwenye kamba siku ya upepo. Kwa asiyelijua vazi lenyewe, ni nguo ya mwili mzima, yenye kitambaa kati ya mkono na ubavu, na kingine kati ya miguu. Hewa inajaa humo, nawe badala ya kuanguka kama jiwe unateleza kwenda mbele, mpaka ufike pa kufungua parachuti. Mwalimu husema kwamba bawa ni wewe mwenyewe, kitambaa ni shahidi tu.

Na neno lake hilo halichagui mtu. Mheshimiwa Mwenyekiti, ulipokuwa unatusomea taarifa ya klabu, mwalimu alipita mlangoni akasema taratibu, "Kidevu," na wewe ukakishusha. Tulikuona.

Mimi hapa nilikuja kama fundi cherehani. Nilikuwa nabandika viraka, nabadilisha zipu, na jioni narudi kwetu. Siku moja mwalimu akasimama juu ya mashine yangu akauliza, "Fundi, utashonaje bawa na hujui hewa inafanya nini ndani yake?" Nikamwambia hata anayeshona sanda hajawahi kuivaa. Akacheka, lakini hakuniacha. Nikaanza kuruka kwa parachuti tu, misimu kadhaa, kisha nikavaa mabawa, nikiruka peke yangu. Nikaolewa, nikajifungua, nikapumzika. Nikarudi, na safari hii mwalimu akaniweka niruke na wenzangu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Upande wangu wa kushoto aliwekwa daktari wa meno, yule pale anayejifanya anatafuta kitu mfukoni. Kila tukitoka kwenye ndege, mimi naelekea kwake. Sitaki, naenda. Nasukuma mkono, naenda. Nabana mguu, naenda zaidi. Mara anateleza chini kunikwepa, mara anarudi nyuma, na safu nzima inavurugika kwa sababu ya mtu mmoja. Tukitua, anakuja ameshika kofia yake ngumu.

"Fundi, una ugomvi na mimi?"

"Hapana, daktari."

"Basi mbona unanifuata kama mbu?"

"Labda una damu tamu."

"Fundi, nina mke."

Mwalimu naye akanizunguka kama mtu anayekagua gari la mtumba. "Kabla hujazaa uliruka kama rula. Umerudi kama ndizi. Huko ulikokwenda walikufanya nini?" Wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Kisha akanivuta pembeni, na sauti ikabadilika. Akaniambia, "Fundi, ukiruka peke yako, kupinda kwako ni siri yako na mawingu. Ukiruka na wenzako, kupinda kwako kunaishia mwilini mwa mwenzako. Usiponyooka nitakutoa kwenye kundi. Na nitakutoa kwa sababu nakupenda, wewe na huyo daktari."

Mnadhani nililala siku hiyo? Akanipa kazi ya nyumbani. Nilale kifudifudi juu ya benchi, mikono wazi, mabega mbele kidogo, miguu imenyooka mpaka vidole, nisikakamae, na nikae hivyo mpaka mwili uzoee. Nyumbani kwetu benchi ni moja tu, na liko jikoni. Basi nikalala. Mwanangu akaniangalia, akaona mchezo mzuri, akalala chini ya benchi, mikono wazi vilevile. Ndipo mama mkwe akaingia na kikapu cha mboga.

"Mnafanya nini?"

"Tunaruka, mama."

"Mnaruka mnakwenda wapi, na chungu kinaungua?"

Mama alizima jiko. Akaweka kikapu chini, akavuta kigoda, akanitazama kama anavyotazama kitambaa dukani kabla hajaanza kubishana na muuzaji. Akanitazama sana. Kisha akauliza, "Mbona umelala kama umebeba mtoto?"

"Mtoto yuko chini ya benchi, mama."

"Nimemwona. Lakini nyonga yako ya kushoto bado inamshikilia."

Ndugu wageni waalikwa, akina mama mliomo humu mnanielewa kabla sijaeleza. Mtoto unambeba ubavuni kushoto, kwa sababu mkono wa kulia una kazi ya mkasi, na mlango, na mwiko. Kiuno kinajipinda ili apate pa kukaa. Unafanya hivyo leo, unafanya kesho, mwisho mwili unaona ndivyo ulivyoumbwa. Nikawa napanda mpaka juu kule kwenye baridi, najirusha, na nyonga yangu inaendelea kumbeba mtoto ambaye yuko nyumbani anakula uji. Je, mwalimu angelijuaje hilo? Mwalimu hajawahi kubeba kitu ubavuni isipokuwa redio yake ya kusikilizia habari za upepo.

Mama akasema nimhamishie mtoto upande wa kulia. Tukajaribu. Mtoto akauona upande wa kulia ni ugenini, akalia mpaka jirani akagonga ukuta. Ndipo mama akasema, "Mlete huku." Akamfunga mgongoni kwake. Akafagia naye, akafua naye, akaenda naye dukani na kurudi, wiki baada ya wiki, ili nyonga yangu ipate kusahau. Na jioni nikilala kwenye benchi, anasimama miguuni kwangu na mwiko, kiuno kikishuka ananigusa. Mwalimu, ulikuwa na msaidizi na hukumlipa hata chai. Tena yeye hasemi kidevu. Anasema, "Kiuno, mkamwana."

Niliporudi hewani, nilifanya kama benchini. Sikumkimbilia mtu, sikumkimbia mtu. Nililegeza mabega, nikaweka macho kwa mwalimu tu, na pale nilipotaka kusogea nilisogea kwa kupunguza kidogo au kuongeza kidogo, bila kupiga mikono kama kuku aliyeona mwewe. Nikageuza jicho kushoto. Daktari wa meno alikuwa palepale alipotakiwa kuwa, nami palepale nilipotakiwa kuwa, na katikati yetu hewa safi. Alikuwa anacheka. Kwa mtu wa kazi yake, meno yale mawili ya nyuma angeyashughulikia.

Sasa nimsifu mwalimu kwa lile ambalo hatulisemi mbele yake. Mwalimu huyu, kabla hatujaruka, anagusa kila mkanda wa kila mtu kwa mkono wake mwenyewe, hata wa mwanafunzi mkongwe, hata wa Mwenyekiti. Amewahi kuturudisha chini na ndege kwa sababu upepo umebadilika, na wageni wamekaa kwenye viti wanasubiri kutuona, na sisi tukanuna siku nzima. Ametufundisha kumjia mwenzako kwa ubavu, kamwe usipite juu ya mgongo wake, maana hewa ya pale imevunjika na utamwangukia. Ametufundisha kwamba wakati wa kufungua parachuti ukifika, kila mtu anageukia nje, anampa mwenzake nafasi. Mama, haya nayasema nikiwa nakutazama wewe.

Najua unachoogopa. Uliniambia, "Ndege ana mabawa tangu yai. Ya kwako nimekuona unayapiga cherehani." Ni kweli. Sitakudanganya kwamba kule juu hakuna hatari. Ningesema hivyo usingeniamini, na ungekuwa sahihi. Mimi pia naogopa, kila mara, mpaka mlango wa ndege unapofunguliwa. Lakini mama, nani ananyoosha nguo ili akaifiche chini ya godoro? Umenibebea mtoto mpaka nikanyooka. Mimi sitafuti sifa, na kama ningezitafuta, nisingezitafuta mahali ambapo watu wote wanaanguka. Nataka mwanangu akue akijua kwamba mama yake alikuwa na mahali pake, wenzake wakamtegemea akae hapo, naye akakaa.

Najua si adabu kumbana mkwe mbele ya wageni. Mume wangu tangu muda mfupi uliopita anatazama viatu vyake, nami namshukuru kwa msaada wake. Lakini ni wewe uliyesema utanisikiliza hapa, kwa hiyo nakuuliza hapa. Mama, kesho asubuhi utabaki na mtoto nyumbani?

Nasubiri.

Kwa mliokaa nyuma ambao hamkusikia, mama amesema, "Sibaki nyumbani."

Tulieni kidogo, hajamaliza. Mume wangu, kaa. Anasema, nami nayarudia kama yalivyo: "Mimi nimebeba mtoto mpaka mgongo ukaota sugu, halafu kazi yangu nije kuhadithiwa? Mimi na mjukuu wangu tutakuwa uwanjani, palepale mnapotua. Na huyo mwalimu wenu aniwekee kiti, na kiti kiwe kivulini."

Mnamwona mwalimu, amesimama. Mwalimu, ni kesho, si sasa hivi. Basi acheni aende akatafute kiti, akishaanza kutafuta kitu hazuiliki.

Nilikuwa na ukurasa mwingine mzima wa kumsifu, lakini mtanisamehe, siyaoni vizuri maandishi yake. Mwalimu, ustaafu salama, umetufaa. Waheshimiwa, asanteni nyote kwa kunisikiliza. Na wewe, mama, asante kwa kunijibu.