Cheti cha Dada Mtu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kifunguamimba rudishia huo mlango, maana mama yenu mdogo yuko jikoni anapasha uji na haya ninayotaka kusema sitaki ayasikie akiwa ameshika mwiko. Mmeniuguza vizuri, sina la kulalamika. Lakini pumzi ya leo si ya jana, naijua mwenyewe, kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho, na anayetaka kulia alie baadaye.

Baba yenu alishatangulia, basi karakana ni yenu wawili. Mashine kubwa ya kuchomelea na meza ya chuma ni za kifunguamimba, kwa sababu ndiye aliyesimama nami juani tangu akiwa na sare za shule. Grenda, ngazi na mkokoteni ni vya mdogo wake. Uwanja msiuuze wala msiujengee ukuta katikati. Mkigombana, gombaneni ndani, majirani wasifaidi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mama yenu mdogo mnamjua kwa jina la Cheche, na mnajua kwamba tulisomea ufundi wa kuchomelea vyuma pamoja, wasichana wawili tu katika darasa zima la wavulana. Msichojua ni kwamba maisha yangu yote nimemwonea wivu ndugu yangu huyu, wivu wa kukosesha usingizi, na ninaondoka bado ninao.

Tulifaulu wote. Siku ya kutoa vyeti mimi nilikuwa wodi ya wazazi nakuzaa wewe, kifunguamimba, na Cheche alikuwa jukwaani akipeana mkono na mkuu wa chuo. Aliomba apewe na changu aniletee, wakamkatalia, wakasema kila mtu aje kuchukua chake mwenyewe. Baba yetu akakitia cheti cha Cheche kwenye fremu, akakitundika sebuleni juu ya redio, na pembeni yake akapigilia msumari mwingine mtupu. Mgeni akiuliza, baba anajibu, "Hapo ni pa dada mtu, chake kinakuja." Mzee wa watu alifariki akisema kinakuja.

Kwa nini sikwenda kukichukua? Mwanzoni ni kwa ajili ya mtoto mgongoni, halafu mtoto wa pili, halafu kazi, halafu aibu, kwani kadiri nilivyochelewa ndivyo nilivyozidi kuogopa swali la karani. Cheche yeye alikipeleka chake kiwandani, wakamwajiri, wakampa buti, ovaroli lenye jina kifuani, bima ya matibabu na likizo. Mimi nikabaki uani nachomelea mageti ya watu, miguuni kandambili, macho yamevimba. Akija kunitembelea namtazama buti kwanza, uso baadaye. Na nyinyi mlikuwa mnamkimbilia mkipiga kelele mtaa mzima unajua shangazi wa peremende kafika, na kumbe wala si shangazi, na mimi nimesimama na nyundo yangu, roho inanichoma, nasema moyoni: hata hawa?

Kisha shule ya jirani ikatangaza kazi ya madirisha ya madarasa yote. Mwalimu mkuu alikuwa anaijua kazi yangu, akaniambia, "Mama Mageti, ingekuwa mimi peke yangu ningekupa leo hii. Lakini kamati inataka cheti." Ndipo nikaenda. Chuo kilikuwa kimehama, vyeti ambavyo havikuchukuliwa vimepelekwa ofisi ya mitihani, na huko karani akanieleza, hata kichwa hakuinua, kwamba ghala liliingia maji, changu kimo katika vilivyoharibika, kwa hiyo niombe kingine badala yake, na nianzie polisi.

Polisi naye akaniuliza, "Cheti kilipotea wapi?"

"Hakikupotea, afande. Sijawahi kukipata."

"Mama, hapa tunaandika kilichopotea. Kitu hukuwa nacho, umekipotezaje?"

"Basi andika kilipotea njiani kikija kwangu."

Alicheka, lakini aliandika. Nikatoa tangazo gazetini, nikapiga picha, nikarudi kwa karani nikidhani nimemaliza. Akasema limebaki moja: kwa kuwa majina yangu yamebadilika baada ya ndoa, aje mtu niliyesoma naye, mwenye cheti cha chuo kile, aape kwamba mimi ndiye. Wavulana wa darasa letu walikuwa wametawanyika kila upande. Niliyejua anakoishi ni mmoja tu.

Wanangu, niliacha msimu mzima wa mvua upite. Nilisema bora madirisha yaende kwa mwingine kuliko mimi kwenda kumpigia magoti Cheche. Na msidhani kilichonisukuma mwisho wake ni ujasiri. Nilisikia kamati imeanza kumfikiria yeye kwa kazi ile ile. Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwake.

Nilimweleza nilichofuata. Aliishusha ile fremu ya baba ukutani, akakitoa cheti, akakifunga kwenye kitambaa safi, tukaondoka. Mbele ya karani akaapa, halafu akaongeza maneno ambayo hakuna aliyemwuliza. "Huyu ndiye aliyenifundisha mimi kazi hii. Nilikuwa natetemeka mikono, yeye ananishika kiwiko. Kwenye mtihani alipata daraja la kwanza, mimi la pili. Tafuteni matokeo mtaona."

Mngedhani wivu uliishia hapo. Ndiyo kwanza ulipamba moto. Nilimtazama nikasema, hata katika kusifu huyu amenishinda, maana mimi nisingeweza kumsifu hivyo mbele ya watu. Nikamwambia asante nikiwa natazama sakafu.

Cheti kilitoka, kimegongwa muhuri kwamba kimetolewa badala ya cha awali. Kazi ya madirisha nikaipata. Cheche alipokuja kukiona, alikiweka mapajani akakisoma mpaka chini, kisha akasema, "Chako kinang'aa, dada. Changu jua limekila, hata jina halisomeki vizuri. Lakini si hicho ninachokuonea wivu."

"Ni nini basi?"

Akawatazama nyinyi, mlikuwa mnagombania kiti hapo mezani. "Mimi nikirudi nyumbani nakuta viatu vyangu tu."

Ningemkumbatia. Sikumkumbatia. Nilifurahi, wanangu, siwafichi. Nilifurahi kwamba na mimi yupo anayenionea wivu, na usiku ule nililala fofofo.

Nipeni maji kidogo. Polepole... Inatosha.

Wewe kitindamimba. Umemaliza ufundi bomba, cheti chako kiko chuoni, na kila nikikuuliza unaniambia wiki ijayo. Ukishanizika nenda ukakichukue, wewe mwenyewe, kabla hata wageni hawajaaga. Changu hakitakufaa. Hakuna anayeajiriwa kwa cheti cha mama yake. Changu na cha Cheche vitundikeni karakana, ukuta mmoja. Changu kikae juu kidogo. Kidogo tu, asigundue.

Na msiishi kama nilivyoishi mimi na ndugu yangu. Mwenzako akipata na roho ikakuuma, mwambie, "Imeniuma." Mtacheka, itapita. Mimi neno hilo nililimeza, na mpaka leo... liko hapa, kifuani, limekaa pamoja na huu ugonjwa.

Haya. Fungueni mlango aingie na uji wake. Sitaunywa, lakini mwacheni anilishe. Mungu awape riziki isiyowatenganisha. Awape afya. Mzae, mlee, mzeeke mkiwa mnatafutana... mkiwa mnaulizana hali.

Bado moja. Yeye atawaona wajukuu zangu wakikua. Atawabeba. Na hilo nalo, wanangu, namwonea wivu... hilo kuliko yote. Hana mtu. Muwe wake. Mwiteni mama. Mama tu, hilo la mdogo liacheni. Lakini si leo. Leo bado... bado nasikia. Ngojeni kwanza nifumbe macho.