Pa Undugu

Basi ya kutoka Marabo ilikuwa inaingia Bunia. Nyuma yake, Gentille alisikia muzee mmoja akimuuliza mama aliyekaa naye sufuria yake ya sombe inaenda wapi.

"Gerezani. Mara ine walinikatalia, eti ruhusa ni ya ndugu tu. Leo wamesaini."

"Iko mutoto yako?"

"Hapana. Aliiba mbuzi yangu. Mama yake alishakufa, nani atamupelekea chakula? Kwenye karatasi, pa undugu, niliandika: mwizi wangu. Chef wa gereza akacheka, akasaini."

"Miye ningemuacha na njaa yake!"

Gentille, ambaye alikuwa hajamsamehe dada yake kitenge kimoja alichomchukulia, aliinamisha macho.

Basi ilisimama karibu na gereza, mama akashuka. Muzee, aliyekuwa anaenda mbele zaidi, mtaa wa Nyakasanza, alishuka pia, angali anabisha, sufuria ya mama mikononi mwake.