Hawisa wa Harnwick, Aliyefagia Pande Zote Mbili

Padre Baldwin, wazee wa kanisa, majirani wa Harnwick, mimi Thurstan, shemeji wa marehemu Hawisa, karani mstaafu wa parokia hii kwa miaka thelathini na mmoja, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha yake, nami nasoma, ingawa juzi asubuhi alinisalimia mwenyewe langoni.

Hawisa binti Godwin alizaliwa tarehe 15 Julai 1331, siku ya Mtakatifu Swithini, nyumba ya tatu kutoka makaburini, akabatizwa siku hiyo hiyo. Shule hakwenda, bali Baba Yetu na Salamu Maria alifundishwa na mama yake wakisokota sufu. Tarehe 12 Oktoba 1350, mwaka mmoja baada ya tauni, alifunga ndoa na ndugu yangu Wymond, fundi wa kuezeka, hapo mlangoni pa kanisa, wakajaliwa watoto watano, ambao kati yao Edith na Rolf tuko nao hapa.

Tangu 1357 alifagia kanisa, akapika pombe ya sikukuu tuliyoinywa humu humu tunamosalia, akafukuza nguruwe makaburini, na vitambaa vya altare akavianika juu ya makaburi, akisema wafu hawana kinyongo na nguo safi.

Mwaka 1379 tao hili linalotenga altare na sehemu ya waumini lilipasuka. Upande wa altare hutengenezwa na padre, upande huu na sisi, na tao, kwa kuwa liko katikati, kila mmoja alisema ni la mwenzake, hata barua kumi na moja zikaenda kwa askofu, zote nimeziandika mimi, kwa hati nzuri. Hawisa alitupita tukibishana, akasema, “Endeleeni, baba zangu, mimi nafagia pande zote mbili.”

Ugonjwa hakuwa nao. Jumanne tarehe 22 Septemba 1388, akitandaza matete sakafuni kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, jiwe la kati la tao lilimwangukia, tukamkuta miguu iko upande wetu, kichwa upande wa Padre, ufagio mkononi. Bado hatuamini.

Tunamshukuru mganga wa mifupa aliyekuja mbio, akina mama waliomwosha, na wapiga kengele. Familia iliomba azikwe chini ya tao, Padre amekubali, na tangu leo asitokee mtu wa kusema hapo si pake.

Lala salama, Hawisa, tutafagia sisi.