Mama Yenu Asihamishwe

Sogezeni viti karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na sitaki mmoja wenu aje kudai kwamba hakusikia vizuri. Wewe binti yangu mkubwa, kaa upande huu wa sikio zima. Wewe kinyozi mwenzangu simama ukitaka, najua miguu yako imezoea. Kitinda mimba abaki hapo hapo miguuni pangu, ananipasha joto. Mama yenu yuko jikoni, mwacheni kwanza, ana kazi yake.

Mali yangu si ya kuwachosha. Duka la kunyolea ni la kaka yenu, pamoja na vioo na viti vyake, na kile kiti kikuukuu kinacholia kikizungushwa asikitupe, kuna wazee hawakubali kunyolewa kwenye kingine. Cherehani achukue kitinda mimba. Nyumba hii haigawanywi. Ni ya mama yenu, chumba hiki na jiko lile na kila mlango wenye ufunguo, mpaka naye atakaponifuata.

Hapo ndipo penye neno langu hasa, maana nimewasikia mkinong'ona kwenye korido mkidhani mgonjwa amelala. Binti yangu, ulimwambia kaka yako, "Baba akishaondoka tunamchukua mama. Atakaa kwangu, kisha kwako, tutapokezana. Na kile kituo cha mafunzo aache, kwa umri ule anajifunza nini tena?" Naye akakujibu, "Kweli dada, tukimwacha hapa ataunguza nyumba." Mlisema kwa mapenzi, hilo nililisikia pia. Lakini shikeni haya na msiyapindishe: mama yenu asihamishwe, na kituoni aendelee kwenda.

Msidhani nasema hivyo kwa sababu nakipenda kituo kile. Sikipendi, na yule mkufunzi wao simpendi hata kidogo.

Tangu siku mama yenu alipoteleza kwenye sakafu ya jiko la shule alikokuwa mpishi, akagonga kichwa kwenye ukingo wa meko, akarudi kutoka hospitali mkono wa kulia ukiwa mzito na maneno yamemtawanyika kama shanga zilizokatika uzi, ni mimi niliyemvika, niliyemlisha, niliyemfunga kitambaa kichwani. Mdogo wangu alisimama hapo uani akaniambia nimrudishe kwao nitafute mwingine wa kunipikia, na ndiyo maana hatusalimiani mpaka leo. Msimzuie kuja kunizika, mpeni kiti kama ndugu, ila juu ya mama yenu asipewe nafasi ya kusema lolote. Mimi nilikuwa mikono yake na mdomo wake. Akianza neno, nalimalizia. Akiwa na kiu, kikombe kiko mbele yake kabla hajageuza shingo. Majirani walinisifu, nami nikavimba kichwa, nikajua hakuna anayemjua mwanamke yule kuliko mimi.

Kisha nesi wa kliniki akatuelekeza kule kituoni. Mnalijua lile jengo, lilikuwa ghala la samani, na harufu ya vanishi haijatoka. Watu walioumia ubongo wanakuja asubuhi na kurudi kwao jioni: dereva wa lori anayejifunza kufunga kamba za viatu kwa mkono mmoja, msichana wa chuo anayejifunza upya kuvuka barabara, na pembeni kuna kiduka cha makopo matupu ambako wanafanya mazoezi ya kununua na kudai chenji. Na juu yao wote yuko yule bwana mwembamba wa makubazi, ambaye mimi namwita Bwana Ngoja, kwa kuwa sijamsikia akisema kingine. "Ngoja, mzee. Ngoja kidogo." Anamwekea mtu kazi mezani, halafu anaikalia mikono yake, kweli kabisa, viganja chini ya mapaja, isije ikakimbilia kusaidia.

Siku niliyomsindikiza mama yenu, nami bwana huyo aliniambia nikalie yangu. Mama yenu apike chai. Akatia maji kwenye birika, akatia majani, akasimama akilitazama, na jiko halijawashwa. Mimi mikono inanipapatika huku chini kama kuku wawili kwenye tenga. Nikamwambia yule bwana, "Jamaa, hajawasha moto." Akanijibu kwa upole, "Nani amemwoa, mzee, mimi au wewe? Kama ni wewe, mwamini." Tukakaa. Dereva wa lori akamaliza kiatu kimoja, akaanza cha pili. Ndipo mama yenu akaligusa birika, akasema, "Baridi," akacheka mwenyewe, akawasha. Mwaka mzima nyumbani kwangu sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Chai ilipoiva, kikombe cha kwanza akampelekea yule bwana.

Wanangu, tangu nimwoe mama yenu chai ya kwanza ilikuwa yangu. Hata siku tulizonuniana. Hata siku aliyokuzaa wewe, binti yangu, alimwagiza shangazi yako kwamba nianze kupewa mimi. Nilimtazama yule bwana nione atafanya nini. Hakunisogezea kikombe, kwa kuwa angenisogezea, mama yenu angejua amekosea, na furaha yote ingemwagika pale pale. Alisema asante, akanywa taratibu mpaka chini, na ilikuwa chungu kama dawa, nilijua nilipoonja yangu. Huo ni wema, naukubali. Na kwa wema huo huo nilizidi kumchukia.

Mwaniona nacheka, lakini nilikuwa naumia. Siku za kituo mama yenu anapiga pasi kitambaa chake cha kijani kwa mkono wa kushoto, polepole, mpaka kona zote zinyooke. Siku ya kukaa na mimi anavaa chochote. Yule anamwita "mwalimu wangu" bila kukwama. Jina langu halijamrudia mpaka leo, mimi ni "yule wa nywele," nanyi mlicheka mkaanza kuniita Bwana Nywele, nami nikacheka nanyi, kisha nikaenda dukani nikanyoa watu mpaka jioni. Wivu wangu nimeubeba mpaka kitandani hapa, na nitaondoka nao, sioni wa kumrithisha.

Nipe maji kidogo. Inatosha.

Mwataka kujua kwa nini basi nasema aendelee. Kumbukeni asubuhi niliyoanguka bafuni. Mama yenu alikuja mlangoni, akanitazama, mdomo unatafuta. Nikaanza kumwambia afanye nini, akaniinulia kiganja. "Ngoja," akaniambia. Mimi, mumewe, nimelala sakafuni, naambiwa ngoja. Akavaa viatu, akafunga mlango wa mbele asiingie mtu, akaenda kituo cha basi peke yake, akapanda, akashuka penyewe karibu na duka. Mwanangu, mwenyewe ulinisimulia: alisimama mlangoni pa duka, wateja wakamzonga, "Mama vipi, mama unataka nini," na wewe, Mungu akuzidishie, ukashusha mashine, mteja nusu kichwa, ukawaambia, "Mwacheni mama yangu aseme." Akasema, "Baba. Chini." Kwa maneno hayo mawili nimeishi mpaka leo. Na hata pale, mnanibeba kunipeleka kwa daktari, nilikuwa nawaza, neno "chini" amefundishwa na nani, mimi au yule?

Kwa hiyo naagiza. Binti yangu, ukija hapa usimpokonye ufagio. Atafagia na kuacha taka kwenye kona. Ziache, au zifagie akiwa hayupo. Usimvike. Akivaa gauni nje ndani, mwonyeshe kioo, unyamaze. Atakapounguza chungu, na ataunguza, kumbuka vya kwako vilivyoungua na hakuna aliyekuhamisha. Kaka yako apite jioni akifunga duka, agonge mlango, asiingie kama mwenye nyumba. Kitinda mimba utalala chumba cha pili mpaka uolewe au uchoke, lakini ufunguo ashike mama yenu.

Atauliza nilipo. Atauliza asubuhi na atauliza tena mchana. Msimwambie nimesafiri, atakaa dirishani. Mwambieni nimekufa, kila anapouliza, na kila mara kwa sauti ya chini, na akilia mkae naye mpaka amalize.

Yule bwana mwiteni kwenye msiba. Mpokeeni vizuri, apewe chakula mapema kabla ya wenye njaa zao, maana ni mwembamba na ana kazi ngumu. Ila asikalishwe karibu na mama yenu. Siku hiyo moja niachieni. Kesho yake ampokee kituoni kama kawaida, na mkisikia mama yenu ameanza kucheka huko, hata kama kaburi langu bado bichi, asiwepo wa kumsema.

Nimechoka sasa. Pumzi inakuja... inakuja nusu. Mungu awape riziki zenu na mioyo ya kuvumiliana. Awatunzie watoto. Binti yangu, usilie, ulinilea vizuri kuliko nilivyokulea. Mwanangu... mkono wako usitetemeke ukishika wembe kuninyoa mara ya mwisho. Na wewe mdogo, radhi zangu zote, hata zile nilizokuwa nakunyima kwa utani.

Mama yenu huyo anakuja, nasikia kandambili zake. Ana jambo anataka kuniambia, nimemwona tangu asubuhi analitafuta. Tokeni nje, wanangu. Nyote. Rudishieni mlango. Akichelewa msichungulie, msimwulize... Leo Jumapili, kituo kimefungwa. Leo ni wangu.