Mufereji wa Shefu Barnabé

Kijiwe chetu ni ubao juu ya magurudumu mawili ya lori, kando ya meza ya kahawa ya Mama Amisa, pale avenyu yetu inapoteremka. Tangu tumzike Shefu Barnabé, kiongozi wa avenyu, hakuna salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi. Yeye ndiye aliyetutoa nyumbani kila Jumamosi, jembe begani, wimbo mdomoni, mpaka mufereji uliojaa takataka ukapitisha maji, na nyumba za chini zikaacha kulala ndani ya tope. Sasa tumekubaliana kwamba, kwa heshima yake, hakuna anayeshika jembe mpaka siku ya kutosha kilio, matanga yakiisha. Mufereji umejaa tena. Nyumba ya Amisa iko chini kabisa, na Jumamosi hii wingu lilikuwa jeusi upande wa Kamatanda. Mimi nilikuwa pale, Mungu anisamehe, kikombe mkononi.

— Tumuchongee sanamu, akasema Ministre. Jina lake ni Stanislas, mstaafu wa kiwanda. Cheo alipewa na kravati yake, tai ya kila siku. Sanamu ya shaba! akaendelea. Amesimama, jembe ku bega.

— Shaba? akacheka Haji Pneu. Huyu ni Assani, fundi wa kuziba magurudumu, Maka hajaiona hata kwa picha. Weye, mzee, shaba mu Likasi! Asubuhi tutakuta miguu tu.

— Tutaweka sentinele, alinde usiku.

— Na sentinele atalindwa na nani?

Amisa hakucheka.

— Ba papa, minye niko naangalia ile wingu.

— Mama, mvumilivu hula mbivu, Ministre akamtuliza.

— Matofali yangu ni mabichi, papa. Mwaka ile ingine maji iliingia mpaka ku kitanda. Tufungue kidogo tu, pale ku daraja.

— Jembe mu kilio? Haji akashusha kikombe mdomoni. Unataka shefu ageuke mu kaburi? Akigeuka, udongo yote itatikisika, nyumba yako njo itaanguka ya kwanza!

— Mvua haitanyesha, akasema Radio. Huyu ni Guy, anayejua habari kabla hazijatokea. Mawingu pia iko na kilio, akaongeza. Tangu maziko inapita tu juu, inaenda kumwaga maji kule Mwadingusha, ku bwawa ya umeme. Njo maana courant haikatike sasa. Ni shefu anatutumia!

— Courant gani? Haji akauliza. Jana kwangu tulikula mu giza.

— Ile ni ya kwako. Hukumuheshimu.

— Na kama inanyesha? Amisa akauliza. Mkono wake ulikuwa unashika thermos bila kumimina.

— Ikinyesha, Radio akajibu, maji itafika pale ku mufereji, itakuta hakuna salongo, itajua kuko kilio, itarudia. Maji iko na akili, mama. Ndiyo maana wazee walisema: maji yakimwagika hayazoleki!

— Amina, nikasema mimi, na sikujua nimeitikia nini.

Ngurumo ikapita juu ya mabati. Ndipo tukamwona Mama Henriette, mjane wa shefu, anateremka polepole, kitambaa cheusi kichwani. Tangu maziko hakuwa ametoka nje. Tukasimama wote, tukampa nafasi. Hakukaa. Alikuwa anatazama mufereji: mifuko, chupa, majani, kiatu cha mtoto.

— Pole, mama, akasema Ministre, akinyoosha kravati. Tuko tunapanga vile tutamuheshimu mzee.

— Aksanti. Minye niko na ulizo moja tu. Kila Jumamosi ninakaa mu nyumba, ninasikiliza. Ninasema, leo watatoka. Jembe, hapana. Wimbo, hapana. Bwana yangu aliwakosea nini?

Haji akamtazama Ministre. Ministre akamtazama Radio. Radio akanitazama mimi, mtu wa kusali asubuhi na jioni, nami nikatazama kikombe changu.

Tone la kwanza likaanguka ndani ya kahawa yangu, kisha la pili.

Amisa akamwaga mezani vikombe vya kwenye sinia, akafunga kitenge kiunoni, akashuka ndani ya mufereji na sinia yake tupu. Akaanza kuzoa. Mama Henriette akavua kitambaa cheusi, akakifunga mkononi, akashuka nyuma yake.

Sisi wanne tulikuwa bado tumeshika vikombe.