Rangi Tatu za Mama Yake Sindano

Mwaka 2001 bunduki za Uvira, Kongo, zilikuwa bado hazijanyamaza, lakini benchi la kahawa la Papa Matata wa Kindu, hapo Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, lilikuwa na vita yake. Siku hiyo Lwaboshi, fundi cherehani waliyembandika jina la Sindano, alifika amekunja uso. Jumamosi anaoa. Kiti cha mama wa bwana harusi hakikai kitupu, na mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Amebaki na picha moja, imechujuka, aliyokimbia nayo vita imeviringishwa katika kipande cha kitenge cha marehemu. Mara tatu ameipeleka duka moja la Area 25, mtaa wa Lilongwe, ipitishwe kwenye skana ikuzwe, ikae kitini hapo, na kila mara mama ametoka na rangi nyingine. Akazipanga zote benchini, roho inamuuma.

— Hii nyekundu, hii kijani, hii bleu. Mashine moja, picha moja. Mi nipeleke mama gani kanisani?

Divin mtengeneza redio, wenyewe humwita Enjenyeri, akapiga funda.

— Njo courant ya Lilongwe hiyo. Umeme ukija na nguvu, mashine inaona nyekundu.

— Umeme hauna rangi, Matata akamkata. Damu nzito kuliko maji. Nyekundu njo damu ya mama inaita mtoto.

— Na kijani? Divin akauliza.

— Shamba ya mahindi. Ametamani nsima, ugali wa huku.

Wakacheka, hata Sindano bila kupenda.

— Mashine inakisia tu, Divin akasema. Haraka haraka haina baraka.

— Inachukua dakika nzima, Enjenyeri, Sindano akasema. Haraka iko wapi?

— Basi ni upole njo umeichosha.

Nibigira, mama Mrundi aliyeingia kambini juzi tu, alikuwa akingoja kahawa. Akainama juu ya picha ile ya zamani.

— Samahani, baba zangu. Hiki kitenge alichovaa kilikuwa cha rangi gani?

Matata akamtazama Divin, Divin akamtazama Sindano. Sindano akaona aibu: mtoto wa kumzaa, na hajui. Akaanza kuifunga picha yake katika kile kipande cha kitenge, mara mikono ikasimama. Maua ya kwenye picha ndiyo yale yale ya kwenye kitambaa, na ndani ya mikunjo, pasipofika jua, yalikuwa zambarau ya biringanya.

— Miaka yote mi nakifanya bahasha, alisema taratibu. Na kila siku nalinganisha uzi na nguo ya watu juani.

— Sasa? Matata akauliza.

— Nakilaza kando ya picha, kwenye kioo ya mashine. Yule wa duka ageuze rangi mpaka kitenge ya kwenye karatasi ifanane na hii ya mukononi. Hapo na mama atakuwa sawa.

— Njo nilitaka kusema, akasema Divin.

Matata akainamisha birika. Kilitoka kikombe kimoja, cha mwisho, akampa Nibigira.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ilikuwa methali yake ya kwanza kukaa mahali pake. Sindano hakuisikia. Alishapanda baiskeli ya abiria, wenyewe huita kabaza, kuelekea kwenye minibasi, anamwambia mwendeshaji, macho yamemlowa kwa furaha, kwamba Jumamosi mama yake anakuja harusini, na atavaa zambarau.