Damu ya Mtoto wa Cheche

Benchi la mbele ya kinyozi lina wenyewe watatu. Kuna Kinyozi, anayenyoa kwa mkono na kuhukumu kwa mdomo. Redio, fundi simu, asiyejua kuzimwa. Na Profesa, dereva wa malori mstaafu, aliyepewa cheo na miwani yake. Asubuhi hiyo Cheche, mchomeleaji wa mageti wa jirani, alitokea njia ya hospitali, akakaa pembeni na kikombe cha kahawa, asinywe. Mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji siku tatu kabla. Walimpokea kwa utani, "Lete habari, baba!" Hakucheka.

— Mtoto kazaliwa na hali inayoitwa Down, alisema. Atachelewa kukaa, atachelewa kusema. Hilo nimelipokea, wangu ni wangu. Kilichonimaliza ni damu.

— Damu imefanyaje? aliuliza Redio.

— Chembe nyeupe zimejaa, tena changa, hazijapevuka. Daktari kasema inafanana na saratani.

Daktari alikuwa ameendelea kusema mengi, lakini baada ya neno lile masikio ya Cheche yalijaa mvumo, kama wa mashine ya kukatia chuma.

— Mimi nilijua! Redio alidakia. Unachomelea bila miwani. Ule mwanga umeingia kwenye damu yako, yako ikaingia kwa mtoto. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Unamwita mwenzio nyoka? alifoka Kinyozi.

— Methali hiyo!

— Methali gani, tusi hilo. Mwanga hauingii kwenye damu. Moshi ndio unaoingia. Mtoto kajaa chuma huyo, wamvute kwa sumaku.

Cheche alimkumbuka mtoto ndani ya kisanduku cha kioo, tumbo limetuna, vidoa vyekundu vimetapakaa miguuni kama aliyerukiwa na moto wa kazi. Akaitazama mikono yake yenye makovu.

— Nyote mmepotea, alisema Profesa. Wanamtoa damu?

— Kila asubuhi. Wanamdunga kisigino.

— Unaona? Haba na haba hujaza kibaba! Wanajaza kibaba chao hao. Kwanza una hakika ni wako? Wanabadilisha watoto.

— Mtoe hospitali, kaka, alisema Kinyozi. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Mtoe leo hii hii, Redio aliongeza. Ukingoja kesho utapewa maiti.

Neno lilipotoka, hata Redio mwenyewe alishtuka. Cheche akasimama.

— Namtoa.

Mama mmoja aliyemletea Cheche jiko lake liungwe mguu alikuwa amesimama hapo muda wote, jiko kwapani.

— Samahani, baba. Mama mtoto yuko na nani huko?

Kinyozi akamtazama Redio. Redio akatazama chini. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mke wa Cheche alikuwa peke yake wodini tangu alfajiri. Cheche alimkimbia asije akamwuliza alichosema daktari.

Akaondoka bila kuaga.

Alimkuta mkewe kwenye ujia wa wodi, mkono mmoja kwenye mshono, mwingine ukutani, anajikokota kwenda kwa mtoto.

— Ulikuwa wapi, baba?

Akampa bega.

Mbele ya kile kisanduku, Cheche alimwomba daktari aseme upya, polepole, mkewe asikie.

— Inafanana na saratani, lakini kwa wengi huondoka yenyewe, ndani ya wiki au miezi michache. Tunapima tujue chembe zinapanda au zinashuka. Wachache ini huzidiwa, na hao tunawapa dawa.

— Ni moshi wangu?

— Hapana. Hukuileta wewe, wala mama yake. Huwapata baadhi ya watoto wenye Down. Lakini hata ikiisha tutamfuatilia miaka kadhaa. Kuna ambao saratani yenyewe huwajia baadaye.

Mkewe alimshika mkono kwa nguvu hadi kucha zikazama. Chembe zilipanda kesho yake, na keshokutwa. Wakawa wanaogopa hata kuulizana. Kisha zikaanza kushuka, kidogo kidogo, tumbo likalegea, na mtoto akaruhusiwa nyumbani akinyonya kwa pupa.

Hofu haikuruhusiwa kubaki hospitali, waliondoka nayo. Kila wakirudi kupima, huketi kwenye viti vya plastiki. Mtoto hulala, mdomo wazi, mzito kama mkate wa moto, hana habari na mtu. Mlango hufunguka, muuguzi huita, nao husimama kwa pamoja, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyetangulia.